Nyumba Nyekundu ya Mikindani

Mjomba alinipigia simu nikiwa nyumbani Naliendele. Hakuzunguka. "Wewe ndiye uliyesomea hayo mambo ya michoro. Nenda Mikindani ukaione nyumba ya jirani, kisha uniambie."

Kampuni moja ya simu ilikuwa imeomba kuipaka rangi nyumba ya marehemu bibi, nje yote, bure, kwa rangi yao na jina lao. Jirani alishakubali na kazi ilishamalizika. Nyumba ya bibi iko mtaa wa chini, karibu na maji, na haijaona chokaa tangu azikwe. Ni ya upande wa mama, kwa hiyo neno la mwisho ni la mjomba. Nami nilitakiwa nimpe neno la kabla ya mwisho.

Nilichukua bodaboda hadi Mtwara mjini, kisha daladala ya Mikindani. Ni kama kilomita kumi tu, na ghuba inatokea ghafla na minazi yake.

Nyumba nyekundu huhitaji kuielekezwa. Katikati ya kuta zilizofifia, za rangi ya mfupa, imekaa kama pilipili kwenye sinia la wali. Nyekundu juu mpaka chini, herufi nyeupe zenye urefu wa mtoto wa darasa la pili, baraza nayo nyekundu. Mama mmoja alikuwa anauza maandazi hapo, na kanga yake ya njano ilionekana kama imechaguliwa makusudi. Niseme ukweli: niliipenda. Mtaa mzima ulikuwa unabomoka taratibu kwa heshima, na hii peke yake ilikuwa inapiga kelele.

Mwaka jana niliandika insha ya darasani kuhusu sanaa ya popu, ile iliyobeba picha za dukani na za matangazo ikazitundika ukutani kama sanaa. Mwaka 1962 Andy Warhol alionyesha Los Angeles picha 32 za makopo ya supu ya Campbell, kila kopo na ladha yake. Nilidai kwamba sisi hatuhitaji makumbusho kuiona sanaa hiyo, maana maduka yetu ya barabarani yanatosha. Nilipata alama nzuri. Nikiwa nimesimama mbele ya nyumba nyekundu niliona nilichokiruka. Warhol alilitoa kopo dukani akaliweka mahali ambapo mtu angeweza kulitazama kwa makini, hata kulicheka. Hapa kopo limekuja lenyewe na kuimeza nyumba.

Halafu nikauona mlango. Ni mlango wa nakshi, wa zamani, na waliupaka pia. Rangi imejaa kwenye mikato ya patasi, maua yamekuwa vinundu, mnyororo uliochongwa pembeni umekuwa mstari mnene. Nilipitisha kidole nikatafuta kazi ya fundi, nikakuta ulaini kama wa beseni la plastiki. Yule mama wa maandazi akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Rangi yenyewe siilaumu. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa kwetu kusini, wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi ya mafuta inayong'aa, ya kupakia baiskeli, juu ya vipande vya ubao. Rangi ya bei nafuu ilimpa chui na ndege ambao hadi leo watu wanawaiga. Lakini ubao wake haukuwa na kiu.

Ukuta wa Mikindani una kiu. Ni mawe ya matumbawe na chokaa. Unyevu unapanda kutoka ardhini na chumvi yake, na chokaa inauruhusu utoke. Ukiuziba kwa rangi ya mafuta, chumvi inaganda nyuma ya rangi mpaka plasta inabanduka kwa mapande. Kwenye nyumba nyekundu, usawa wa goti, malengelenge yalishaanza. Niliminya moja likatoa vumbi.

Nilipanda hadi Boma, ngome ya Wajerumani ya mwaka 1895, ambayo shirika la hisani la Uingereza, Trade Aid, liliikarabati ikawa hoteli. Nyeupe, safi, mnara umesimama vizuri. Ni kazi nzuri na sina la kuitoa kasoro, isipokuwa moja ambayo si ya mafundi: jengo la mtawala limepata chokaa kabla ya nyumba ya mama wa maandazi. Ukiwa juu pale, mtaa wa chini unaonekana umefifia wote, isipokuwa doa moja jekundu. Nilielewa kwa nini jirani alikubali. Mtu aliyesahauliwa akiulizwa anataka rangi gani, hatauliza maswali mengi.

Jioni nilimpigia mjomba. Nilimweleza chumvi, malengelenge, mlango.

"Kwa hiyo tukatae."

"Ndiyo, mjomba."

"Chokaa utanunua wewe?"

Nilikaa kimya. Posho yangu ya masomo inaishia kwenye kodi ya chumba na bando.

"Hawa jamaa wanakuja Jumamosi," alisema. "Nimekusikia. Lakini ukuta wa mbele unanyesha hadi kitandani, mwanangu, na wewe umeniletea sababu tu."

Tumekubaliana jambo moja: mlango hauguswi. Nimemwomba awaambie hivyo mapema, na kabla ya Jumamosi nitakwenda kuufunika kwa turubai. Kuhusu ukuta bado tunabishana. Nimeanza kuulizia bei ya chokaa sokoni Mtwara, na fundi mmoja mzee amesema kwa ukuta wa mbele peke yake tuanze na mifuko minane.