Paul Kelly: hadithi nzima ndani ya wimbo mmoja

Paul Kelly, mtunzi na mwimbaji wa muziki wa roki kutoka Australia, anajulikana nchini mwake kwa kazi moja ngumu: kuingiza maisha ya mtu ndani ya wimbo wa dakika chache bila kuyapunja. Humteua mtu wa kawaida aliyebanwa na jambo zito, humwachia azungumze, hutaja vitu na mahali kwa majina yake, kisha jambo kubwa kuliko yote huliacha bila kulisema. Ufundi huo haukuja kwa siku moja. Ulikomaa albamu baada ya albamu, na hatua zake zinaweza kufuatwa.

Kelly alizaliwa mjini Adelaide tarehe 13 Januari 1955, katika familia ya Kikatoliki yenye watoto wengi. Baba yake, mwanasheria, alifariki mwaka 1968, Paul akiwa na miaka 13. Babu yake mzaa mama, Ercole Filippini, alikuwa mwimbaji wa opera. Shuleni Paul alipiga tarumbeta, na alipoingia Chuo Kikuu cha Flinders hakukaa sana. Mara yake ya kwanza kuimba mbele ya watu ilikuwa Hobart, kisiwani Tasmania, mwaka 1974, na wimbo aliouchagua ulikuwa wa jadi: kisa cha Ben Hall, jambazi wa porini wa karne ya 19 aliyeuawa na polisi. Nyimbo za namna hiyo huenda kwa mpangilio. Mtu anatajwa, mahali panatajwa, tukio linafuata tukio, na msimulizi hajiweki mbele. Mpangilio huo Kelly hakuuacha tena.

Mwaka 1976 alihamia Melbourne na kuingia katika muziki wa baa. Akiwa na kundi lake, The Dots, alitoa albamu mbili, Talk (1981) na Manila (1982), ambazo baadaye alisema wazi kuwa hakuridhika nazo. Mabadiliko yalikuja Sydney mwaka 1985 na albamu iitwayo Post, iliyorekodiwa kwa muda wa wiki mbili hivi na kwa gharama ya dola 3,500 za Australia. Uchache wa fedha ulizaa sauti mpya. Vyombo vilikuwa vichache, gitaa la Steve Connolly lilijibu maneno badala ya kuyafunika, na sauti ya mwimbaji ilisogezwa karibu na msikilizaji. Hadithi ikapata nafasi ya kusikika. Katika wimbo wa safari ya kutoka St Kilda, Melbourne, hadi Kings Cross, Sydney, umbali unapimwa kwa saa za kukaa ndani ya basi, jinsi abiria anavyoupima.

Albamu ya Gossip ya mwaka 1986, yenye nyimbo 24, ilimfikisha kwa wasikilizaji wengi. Bendi yake wakati huo iliitwa The Coloured Girls. Jina hilo lilibadilishwa kuwa The Messengers kwa ajili ya soko la Marekani, ambako lingeweza kuchukuliwa kuwa la kibaguzi. Katika Gossip mna Leaps and Bounds, wimbo ambao karibu hauna tukio lolote. Mtu amesimama kilimani Melbourne, anaitazama saa iliyo juu ya ghala refu la nafaka inayoonyesha pia nyuzi za joto, na uwanja wa mpira uko mbele yake. Furaha haielezwi kwa maneno ya furaha. Inatokana na wingi wa vitu vinavyoonekana mara moja.

To Her Door, wa mwaka 1987, unaonyesha ufundi huo ukiwa umekamilika. Wanandoa walioana mapema wanaishiwa. Mume anaachishwa kazi, anaanza kunywa, na mke anaondoka na watoto. Mume anakaa kiasi cha mwaka mzima kwenye nyumba ya kuwatibu walevi, kisha anaandika barua ya kuomba kuonana, na mke anamtumia nauli. Miaka yote hiyo inapita katika beti tatu. Kinachoziunganisha ni mlango. Katika kiitikio cha kwanza mke anatoka mlangoni. Katika cha pili mume yuko ndani ya basi, anapita mashamba ya miwa mvua ikinyesha, akielekea kwenye mlango wa mke. Katika cha tatu yuko ndani ya teksi, anatetemeka, akienda kwenye mlango uleule. Muziki wa kiitikio ni mmoja, lakini maneno yanasogea kila mara, na kwa hiyo kiitikio hakisimamishi hadithi kama ilivyo kawaida ya nyimbo nyingi. Chenyewe ndicho kinachoisukuma. Ubeti wa mwisho unauliza maswali: je, atawajua watoto wake? Je, familia itaweza kukaa tena pamoja? Wimbo unaisha teksi ikiwa bado njiani. Msikilizaji hamwoni mke akifungua mlango.

Mwaka 1989, katika So Much Water So Close to Home, Kelly alijaribu jambo gumu zaidi, kuimba kwa nafsi ya kwanza akiwa mwanamke. Sweet Guy ni sauti ya mke anayepigwa na mtu anayempenda. Everything's Turning to White unatokana na hadithi fupi ya Mmarekani Raymond Carver, iliyoipa albamu jina lake: wanaume walioenda kuvua samaki wanakuta maiti ya msichana mtoni na bado wanaendelea kuvua, na mke wa mmoja wao hawezi tena kumtazama mumewe kama zamani. Kelly hakubadilisha sauti yake ili ifanane na ya kike. Aliyategemea maneno peke yake, na yakatosha.

From Little Things Big Things Grow, alioutunga pamoja na Kev Carmody, mwanamuziki wa jamii ya wenyeji asilia wa Australia, umejengwa kwa namna nyingine. Kisa chake ni cha kweli. Tarehe 23 Agosti 1966, wachunga ng'ombe wa Kigurindji, jamii mojawapo ya wenyeji asilia, wakiongozwa na Vincent Lingiari waliacha kazi pamoja na familia zao katika ranchi ya Wave Hill, Jimbo la Kaskazini, iliyomilikiwa na kampuni ya Lord Vestey wa Uingereza. Ulianza kama mgomo wa ujira, ukageuka kuwa madai ya ardhi yao wenyewe. Tarehe 16 Agosti 1975, Waziri Mkuu Gough Whitlam alimimina udongo katika kiganja cha Lingiari kuwa ishara ya kuirudisha ardhi hiyo.

Wimbo huo, ambao Kelly aliurekodi katika Comedy (1991), unakwenda kama utenzi. Msimulizi anawaita watu wakusanyike, anawataja mahasimu wawili tangu ubeti wa kwanza, kisha anapita tukio moja baada ya jingine kwa beti fupi zenye mahadhi yaleyale, huku kiitikio kikiwapa wasikilizaji nafasi ya kuimba pamoja. Lingiari na Vestey wanatajwa kwa majina. Whitlam hatajwi, anakuja kama mgeni mrefu anayetokea katika nchi ile. Kwa uamuzi huo mdogo, kitovu cha kisa kinabaki kwa Wagurindji, na mkuu wa serikali anaonekana kwa macho yao. Kusimulia habari za watu wengine kuna hatari ya kuwanyang'anya sauti, na Kelly aliikabili kwa kutunga pamoja na wenye habari. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Treaty (1991) wa bendi ya Yothu Yindi, alioshiriki kuutunga. Mwaka 1990 yeye na Connolly walisimamia kurekodiwa kwa Charcoal Lane, albamu ya kwanza ya Archie Roach, mwimbaji wa jamii ya wenyeji asilia. Novemba 2014, Kelly na Carmody waliuimba wimbo wa Wagurindji katika ibada ya kumkumbuka Whitlam mjini Sydney.

Wimbo wake unaopendwa kuliko yote, How to Make Gravy (1996), umejengwa kwa kuondoa. Hauna kiitikio kabisa. Ni barua ya mfungwa aitwaye Joe kwa ndugu yake Dan, iliyoandikwa tarehe 21 Desemba, siku chache kabla ya Krismasi, ambayo Australia huangukia kiangazi. Joe anauliza nani watakuja na joto litakuwaje. Kisha anauliza nani atapika mchuzi wa nyama ya kuoka, na anatoa maelekezo: unga, chumvi, divai nyekundu kidogo, na sosi ya nyanya ya kuleta utamu na ukali. Mafundisho hayo ya jikoni ndiyo moyo wa wimbo, kwa sababu ndiyo kazi Joe aliyoifanya kwa ajili ya familia na ambayo sasa hawezi kuifanya. Baada ya hapo utulivu unavunjika. Anawaza mkewe Rita akicheza dansi na Dan, wivu unamshika, mara anaomba radhi. Kosa lililomtia gerezani halitajwi popote. Lingetajwa, msikilizaji angemhukumu. Kwa kuwa halikutajwa, anakaa naye mezani. Waaustralia wengi sasa huiadhimisha tarehe 21 Desemba kwa kuusikiliza wimbo huo.

Desemba 2004, mjini Melbourne, Kelly aliimba nyimbo zake 100 kwa mpangilio wa alfabeti katika usiku nne. Maonyesho hayo yalizaa kitabu cha kumbukumbu zake kilichotoka mwaka 2010, ambamo alieleza bila kuficha jinsi alivyotumia heroini kwa miaka mingi. Mwaka 2016 aliziimba soneti za Shakespeare, na mwaka 2017, akiwa na miaka 62, albamu yake Life Is Fine ilikuwa ya kwanza kati ya albamu zake kushika nafasi ya kwanza katika chati za Australia. Mwaka huohuo alitunukiwa nishani ya Order of Australia.