Mfumo, Hoja na Bendera: Uhakiki wa Istilahi za Mstari wa Amri

Katika rasimu ya tafsiri tuliyoletewa hivi karibuni, iliyohusu uundaji wa zana za mstari wa amri, tumekuta istilahi tatu ambazo kwa maoni yetu hazistahili kupita bila kuhakikiwa: mfumo, hoja na bendera.

Zana hizo ni programu ambazo mtumiaji huziendesha kwa kuandika amri, si kwa kubonyeza picha kwenye skrini. Mtayarishaji wake halazimiki kuanza upya kila mara. Katika lugha ya Python ipo argparse, iliyoingizwa katika toleo la 2.7 mwaka 2010. Katika lugha ya Go ipo Cobra, ambayo juu yake imejengwa zana ya kubectl. Mtayarishaji hutaja amri zake na kazi ya kila moja. Kuuchambua mstari, kukataa makosa na kupanga ukurasa wa msaada huachiwa nyenzo hizo.

Hapo ndipo ulipo uzito wa jambo hili, kwa kuwa vichwa vya ukurasa wa msaada huandikwa mara moja na kujirudia katika kila zana. Hadi mwaka 2021 argparse iliandika, kwa Kiingereza, kichwa chenye maana ya "hoja za hiari", ilhali mtayarishaji aliweza kuzifanya baadhi yake kuwa za lazima. Katika toleo la 3.10 kichwa hicho kilibadilishwa, na zana zilizokitegemea zikabadilika bila watayarishaji wake kugusa neno. Kosa letu nasi litaenea kwa njia iyo hiyo.

Tukianza na mfumo, neno hili limekwisha kubebeshwa mzigo mkubwa, kwani mfumo endeshi nao ni mfumo. Kiunzi linafaa zaidi: fundi hukikuta kimesimama, naye hukamilisha nyumba kwa kufuata umbo lake.

Hoja hutolewa ili kumshawishi mtu, na kompyuta haishawishiwi. Bendera nayo ni tafsiri sisisi isiyomwambia karani lolote. Sisi tunaona kwamba mstari wa amri ni sentensi. Katika "nakili barua kimyakimya", nakili ni amri, barua ni yambwa, na kimyakimya ni kielezi. Tunapendekeza basi yambwa badala ya hoja, na kielezi badala ya bendera. Maana kielezi hueleza namna ya kutenda, kiwe cha hiari au cha lazima.

Huenda walimu wakahofu kwamba istilahi za sarufi zitachanganywa na za kompyuta. Hofu hiyo ina msingi. Hata hivyo, mwanafunzi aliyekwisha kufundishwa yambwa darasani hatahitaji kufafanuliwa upya mbele ya kompyuta, na karani atakayeamuru faili zifutwe atajua ni neno lipi linalotaja kitakachopotea. Tunawaomba wasomaji watuletee maoni yao kabla istilahi hizi hazijasanifiwa.