Mlango wa Kabingo: Sanaa au Ufukara?

Huko Kabingo, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale yaliyoanzishwa mwaka 1958, niliona mlango uliounganishwa kwa mbao za vitanda na masanduku ya zamani. Mpita njia mmoja akasema, “Ufukara huo!” Kauli hiyo si ya haki. Lamu na Unguja, mbao za majahazi makuukuu huundwa viti na meza, nazo huuzwa ghali kwa jina la sanaa. Kazi ni ile ile. Aliyebadilika ni mnunuzi.

Hatuna budi kuihukumu kazi yenyewe. Fundi amezipanga mbao kwa kufuata rangi zake, wala hakuficha matundu ya misumari. Hiyo ni sifa. Lakini miimo ameichimbia udongoni, na mchwa wamekwisha kuivamia. Angeiweka juu ya jiwe, ingedumu, na mti mwingine usingekatwa.

Walimu wenzangu, mbao hizi tusiziite “chakavu”. Chakavu ni kitu kilichochoka. Hizi bado zina kazi. Methali yasema ya kale ni dhahabu. Mbona iwe dhahabu pwani tu?