Bibi Bwana na Wasioonekana Pichani

Hebu itazame picha ya May French Sheldon akiwa na mavazi yake rasmi ya safari. Gauni jeupe refu linalometameta, nywele za bandia za rangi ya dhahabu, upanga ubavuni. Ni picha ya kamera, lakini imepangwa kama zile za malkia zinazochorwa kwa rangi: mtu mmoja, amesimama, basi.

Mmarekani huyu alitoka Mombasa mwaka 1891 akiongoza msafara wake mwenyewe hadi Kilimanjaro, enzi ambazo upelelezi wa Afrika ulihesabiwa kuwa kazi ya wanaume. Akalizunguka Ziwa Chala kwa chombo cha shaba. Si mchezo! Akawa miongoni mwa wanawake 22 wa kwanza kupokelewa na Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London, ambayo mwaka 1893 iliwafungia wanawake mlango hadi 1913.

Kwa hiyo gauni lile si urembo tu. Lilikuwa kifaa cha kazi, kama dira. Alilivaa kukutana na machifu, aonekane mkubwa mbele ya wakubwa. Na kwa wasomaji wa Ulaya picha inasema: mimi si mke wa mpelelezi, mpelelezi ni mimi. Hapo picha imefaulu.

Inaposhindwa ni kwenye kuhesabu watu. Wapagazi zaidi ya mia moja walibeba mizigo, na yeye mwenyewe walimbeba kwa machela. Alipoumia wakati wa kurudi, ni wao waliomfikisha pwani. Hata jina analojivunia kwenye kitabu chake cha 1892, Sultan to Sultan, ni Kiswahili: Bibi Bwana, ingawa yeye aliandika “Bebe”. Kwenye picha, wenye lugha hiyo hawapo.

Kwetu sisi tunaosoma sayansi huku Ijuganyondo, hili halijapitwa na wakati. Picha zetu za fildi pale ziwani ni zilezile: mtafiti, kifaa, tabasamu. Mvuvi aliyepiga kasia na kutuonyesha pa kuchukua sampuli anaishia kwenye mstari mmoja wa shukrani, mara nyingi bila jina.

Mimi nisingeitoa picha ya Bibi Bwana ukutani. Aliistahili. Ningeongeza tu maelezo chini yake: nani walibeba, wangapi, kutoka wapi. Nawe fungua picha yako ya fildi kwenye simu. Nani hayupo?