Pongezi kwa POPOF

Makaa ya kupikia ugali Bukavu, mashariki mwa Kongo, hutoka kwenye mti wa mtu fulani, au wa hifadhi. John Kahekwa, aliyekuwa akiongoza watalii kuona gorila wa hifadhi ya Kahuzi-Biega, alilielewa hilo mapema. Mwaka 1992 akaanzisha Pole Pole Foundation, POPOF.

Hawakuanza na mahubiri, bali na miche: mkulima mwenye miti yake shambani hana haja ya kupenya hifadhini na shoka. Wawindaji haramu wa zamani wakapewa patasi, wakachonga sanamu za gorila za kuuzia watalii. Siku hizi kuna hata spirulina, mwani wenye protini nyingi, mtoto ashibe bila nyama ya porini.

Wafadhili, kama shirika la Born Free la Uingereza, nao wapewe haki yao. Lakini mti haufuati ratiba ya ripoti ya miezi mitatu, na mfadhili asiyejua hivyo, heri abaki kwao. Mwaka 2021 POPOF iliingia fainali ya Tuzo ya Earthshot ya mazingira. Ushindi wa kundi lake ukaenda Costa Rica. Sijali sana. Kupanda miti Kivu huku vita vikipita na kurudi, mimi naona kunazidi tuzo.