Inamjua nani?

Nimeisoma mara tatu insha ya Siddhartha Mukherjee kuhusu akili mnemba na madaktari, iliyotoka mwaka 2017 katika jarida la The New Yorker. Mukherjee ni daktari wa saratani, na anaandika kwa utulivu wa mtu aliyezoea kukaa na wagonjwa. Anazungumzia programu ya Chuo Kikuu cha Stanford, ile iliyofundishwa kwa picha 129,450 na ikatambua saratani ya ngozi sawa na madaktari bingwa 21 iliyopimwa nao.

Hoja yake: kuna kujua kwamba, kujua namna, na kujua kwa nini. Mashine imefika kwenye kujua namna. Kujua kwa nini bado ni kazi ya daktari.

Ni hoja nzuri, lakini kila nikiisoma namkumbuka bibi. Alikuwa na doa jeusi kwenye unyayo. Sisi wajukuu tulisema ni mwiba. Zahanati nayo ikasema ni mwiba, akapewa dawa ya kupaka. Miezi ikapita. Ilikuwa melanoma, saratani ileile iliyomuua Bob Marley mwaka 1981. Ya Marley ilianzia chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu, na mwanzoni ilidhaniwa ni jeraha la mpira. Kwa watu weusi ugonjwa huu hupenda kujificha huko: unyayoni, viganjani, chini ya kucha.

Je, programu ingemwambia bibi nini? Mwaka 2022 watafiti, wakiwemo wa Stanford hiyohiyo, walizijaribu programu za namna hii kwa picha 656 za ngozi za rangi mbalimbali. Kwenye ngozi nyeusi zilikosea zaidi. Hata madaktari, ambao ndio huzifundisha kwa kuzitaja picha, walikosea zaidi hapo. Programu zilipofundishwa upya kwa picha mchanganyiko, pengo lile lilizibika.

Hapo ndipo insha inaponiacha njiani. Inamweka daktari upande huu na mashine upande ule, ilhali mbele ya unyayo wa bibi wote wawili wangesimama pamoja, wakiwa wamefundishwa ngozi za watu wengine.

Isome insha hiyo, inastahili. Ila kabla ya kuuliza kama mashine inajua kwa nini, uliza kwanza inamjua nani. Doa la bibi tuliliosha na kulipaka dawa kila jioni. Hakuna aliyewahi kulipiga picha.