Ungepanda Chombo Hiki? Namna ya kupima kijahazi cha mbao

Vijahazi vya mapambo vinavyouzwa Dar es Salaam, kuanzia kwa wachongaji wa Mwenge mpaka Slipway kule Msasani, vingi havifai. Nasema hivyo mapema ili tusipotezeane muda. Vimepakwa vanishi vikang'aa, vikavikwa tanga jeupe lililopigwa pasi, vikasimamishwa juu ya kibao kilichochongwa neno "Tanzania". Mgeni anayenunua kijahazi hicho hajawahi kuona jahazi likishusha mzigo, kwa hiyo simlaumu. Ninaowashangaa ni sisi tuliokulia pwani. Tunakinunua, tunakiweka juu ya kabati sebuleni, na chombo chenyewe kiko Feri tunakipita kila siku tukikimbilia pantoni.

Basi kabla ya kwenda dukani, nenda Feri. Nenda maji yakiwa yamekupwa, ngalawa na mashua zimelala mchangani karibu na soko la samaki. Hapo utaona kitu ambacho dukani hufichwa na kibao, nacho ni mkuku, uti wa chombo. Angalia unavyonyooka, unavyokutana na hanamu mbele na fashini nyuma. Angalia mbao zinavyopanda kutoka mkukuni kwenda ukingoni, na jinsi kila ubao unavyopungua upana unapokaribia omo, yaani mbele, na tezi, yaani nyuma. Majahazi makubwa ya mizigo utayaona zaidi upande wa bandari ya majahazi. Mengi siku hizi yamefungwa injini, lakini tumbo lao halijabadilika sana. Piga picha kwa simu. Ukiwa na picha tatu nne za ubavuni, za mbele na za nyuma, tayari unajua zaidi ya wauzaji wengi.

Baada ya umbo kuna kipimo. Wanaounda modeli za plastiki za ndege za vita wana bahati moja: kipimo kimeandikwa kwenye sanduku. Spitfire ya Waingereza ilikuwa na mita 11.23 kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya pili. Kwa kipimo cha 1/32, kinachopendwa na wanaotaka modeli kubwa, inakuwa sentimita 35, na kila mkanda wa kiti cha rubani umegawanywa kwa 32 hiyo hiyo. Fundi wetu hana sanduku. Anapima kwa shibiri na jicho, wala hilo si kosa, kwa sababu majahazi yenyewe yalijengwa bila ramani. Lakini jicho likishachagua kipimo, lazima likiheshimu mpaka mwisho.

Chukua jahazi la mita 15 likafanywa kijahazi cha nusu mita. Kila kitu kimegawanywa kwa 30. Ubao wa sentimita tano unakuwa chini kidogo ya milimita mbili. Kamba ya sentimita tatu inakuwa milimita moja. Sasa rudi kwenye kile cha dukani: kimefungwa kwa katani ya milimita tatu, maana yake mabaharia wake wanavuta kamba yenye unene wa sentimita tisa. Misumari yake ina vichwa vya milimita nne, na kwa chombo halisi hivyo ni vichwa vya sentimita 12 vilivyopangwa ubavuni. Hakuna chombo cha namna hiyo katika bahari yoyote.

Kuna hila moja ninayoipenda. Kata kijitu cha karatasi ngumu chenye kimo cha sentimita tano na nusu. Hicho ndicho kimo cha mtu mzima kwa kipimo cha 1/30. Kiweke mfukoni, na ukifika dukani kisimamishe sitahani. Je, mkono wake unaifikia kana, mpini wa usukani? Anaweza kupita kati ya mlingoti na ukingo? Akiinama, anaingia ngamani, chini kabisa ya chombo, kuteka maji? Kijitu kikikosa pa kusimama, basi fundi alichonga umbo la jahazi bila kumfikiria baharia, na kasoro hiyo hairekebishiki kwa rangi.

Baada ya hapo kigeuze juu chini. Muuzaji atasema, "Taratibu kaka, utavunja tanga." Mjibu tu, "Naangalia tumbo, bosi," na uendelee. Funga jicho moja, tazama kutoka tezi kuelekea omo juu ya mstari wa mkuku. Ubavu wa kulia na wa kushoto lazima zijae sawa. Usichanganyikiwe na suala la gogo na mbao. Kijahazi kilichochongwa kwa gogo moja kinaweza kuwa kizuri sana, mradi kimefukuliwa ndani mpaka kingo zikawa nyembamba. Kinachoniudhi ni gogo lililochorwa mistari kwa msumari ili lionekane limeungwa mbao. Mistari hiyo karibu siku zote hukimbia sambamba kutoka mbele mpaka nyuma, na wewe umeshaona Feri kwamba mbao hazikimbii hivyo. Kama kimejengwa kwa mbao kweli, chungulia ndani utafute mataruma, yaani mbavu za chombo. Yakiwepo na yakifuata mpindo wa tumbo badala ya kugandishwa hovyo kwa gundi, fundi huyo mheshimu.

Angalia na usukani. Chombo kinachokaa mchangani maji yakipwa hakiwezi kuwa na usukani unaoshuka chini ya mkuku, maana kupwa kwa kwanza tu ungevunjika. Nimeviona vijahazi vya bei kubwa vyenye kosa hilo.

Lakini mahali pa kumtambua fundi ni juu, kwenye mlingoti na tanga. Hapo ndipo nashauri utumie muda wako mwingi.

Mlingoti wa jahazi huinamia mbele. Si sana, lakini huinama, na sababu yake ni foromali. Huo ni mti mrefu unaobeba tanga, unaokaribia urefu wa chombo chenyewe, na unaning'inia ubavuni mwa mlingoti. Nahodha akitaka kuhamisha tanga upande wa pili, foromali husimamishwa wima na kuzungushwa mbele ya mlingoti, na mlingoti ulioinama huipa nafasi. Kijahazi chenye mlingoti uliosimama wima kama nguzo ya umeme kimechongwa na mtu aliyeona picha ya meli ya Kizungu.

Kwa sababu hiyo hiyo, pasiwe na kamba inayotoka kileleni mwa mlingoti na kufungwa omoni. Ingeizuia foromali isipite. Wala pasiwe na ngazi za kamba mbili, moja kila upande, zimekazwa daima. Kamba za kuushikilia mlingoti wa jahazi hufungwa upande unakotoka upepo, na tanga likihama nazo huhamishwa. Ukiona kijahazi kimekazwa kamba zaidi upande mmoja, huku tanga limetoka upande wa pili, usidhani fundi alikosea. Huyo amesafiri, au amelelewa na aliyesafiri.

Foromali yenyewe isiwe kijiti cha mshikaki chenye unene mmoja mwanzo mwisho. Ya kweli ni nene katikati na huchongoka kuelekea ncha zote mbili, na kwa vyombo vikubwa huwa ni miti miwili au zaidi iliyounganishwa kwa kufungwa kamba. Fundi hodari huonyesha hata vifungo hivyo kwa uzi. Kisha tafuta henza, kamba inayoipandisha foromali, na gofia inayopitia. Ivute kidogo. Katika vijahazi bora kabisa foromali hupanda na kushuka. Katika vya kawaida imegandishwa, hilo linasameheka, lakini henza lazima iwe na mahali inapoanzia na mahali inapofungwa. Kamba isiyokwenda popote ni uchafu.

Halafu tanga. Wengi wanadhani tanga la jahazi ni pembetatu. Sivyo. Upande wa mbele umekatwa kidogo, kwa hiyo lina pembe nne, na ule upande mfupi wa mbele ndio alama yake. Demani, kamba ya pembe ya nyuma, ifungwe mahali ambapo kile kijitu chako cha karatasi kinaweza kuifikia.

Ukitaka ushahidi wa haya yote, tafuta picha za Alan Villiers, baharia wa Australia aliyesafiri na bumu la Kuwait katika msimu wa 1938 hadi 1939, akafika Zanzibar na kuingia Rufiji kupakia boriti. Utaona mlingoti ulivyoinama, na watu wengi walivyohitajika kulipandisha tanga moja. Utaona pia kwamba bumu lina ncha mbele na nyuma, wakati jahazi letu nyuma limekatwa bapa. Madukani utakuta machotara yenye hanamu ndefu ya bumu mbele na tezi ya jahazi nyuma. Pita.

Kuhusu ngalawa sina maneno mengi. Iwe imefukuliwa kutoka mti mmoja, ikiwezekana mwembe, kwa kuwa hata ngalawa nyingi za kweli ni za mwembe. Miti inayokatiza juu na kushika mbao za pembeni iwe imefungwa kwa kamba. Ngalawa ndogo iliyopigiliwa misumari kila kiungo itavunjika siku ya kwanza itakapoanguka, wakati iliyofungwa kwa uzi itacheza na kurudi mahali pake. Mbao za pembeni zikae kwa mshazari. Zikilala bapa kabisa, mchongaji hakuwahi kuipanda.

Mtepe ni mtihani wa juu. Mtepe ulikuwa chombo cha kushonwa kwa kamba za nazi, bila msumari, wenye tanga la mkeka la pembe nne. Uliisha mwanzoni mwa karne ya 20. Mengi tunayoyajua leo kuhusu umbo lake yametoka kwenye picha, maandishi na vielelezo vilivyotengenezwa na watu waliokuwa bado wanaukumbuka, kama vile vilivyo katika Makumbusho ya Lamu. Mtepe wa ukubwa kamili uliojengwa upya uliwekwa katika ukumbi wa Beit al-Ajaib, Zanzibar, jengo ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Kwa hiyo anayekuuzia mtepe mdogo leo mwombe akuonyeshe mshono. Uzi upite kwenye tundu, utokee upande wa pili. Kama umebandikwa kwa gundi juu ya ubao, hilo ni jahazi lililovalishwa nguo za marehemu.

Rangi nimeiweka mwisho makusudi. Waamuzi wa modeli za ndege nao hufanya hivyo: kwanza wanatazama kama mabawa yamekaa sawa na kama viungo vimezibwa, ndipo wanaingia kwenye rangi. Vanishi ya kung'aa ikwepe. Jahazi halisi juu hupakwa sifa, mafuta ya samaki yanayoufanya mti uwe na weusi uliofifia, na chini hupakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu, wenye weupe wa chaki. Ukaguzi mzuri ni wa ule mstari ambapo weupe hukutana na mti: uwe umenyooka kwa kufuata maji, usifuate mpindo wa ukingo.

Kuna mtindo sasa wa kukizeesha kijahazi kwa kukichovya kwenye chai ya rangi na kukikwaruza kwa msasa kila mahali. Uchakavu una akili yake. Mwenye modeli ya Spitfire anajua rangi inachubuka pale rubani anapokanyaga bawa akipanda. Chombo cha pwani huchubuka ukingoni nyavu zinapovutwa, pale henza inaposugua, na chini ya mkuku unapoburutwa mchangani. Kikwaruzo kikiwa mahali ambapo hakuna kitu kinachogusa, ni uongo. Tanga nalo vivyo hivyo: kiraka ni kizuri kama kiko pembeni ambako kitambaa huvutika. Na kwa wale wa Feri wa leo, tanga la viroba vilivyoungwa lina ukweli kuliko kitambaa kipya.

Ukivutiwa ukaanza kujenga mwenyewe, Kariakoo ina karibu kila kitu: marekani nyepesi ya tanga, uzi wa pamba na ule wa mafundi viatu, msasa kuanzia namba 120 mpaka 400, gundi ya mbao. Mpingo uache kwa wenye vinyago, ni mzito na utakizamisha. Mbao mbichi ziogope zaidi. Zitapasuka zikifika kwenye chumba chenye kiyoyozi, na kama zawadi inakwenda Muscat au London zitapasuka upesi zaidi.

Kipimo cha mwisho ni beseni la maji. Kijahazi kilichojengwa sawasawa, ukikitia vijiwe vichache ngamani kuwa farumi, hukaa wima na maji hufika karibu na ule mstari wa deheni. Kikilala upande, kina ubavu mmoja mzito. Kikipinduka, tanga na mlingoti vimezidi kipimo. Watoto wa vijiji vya pwani wanaoshindanisha vingalawa vyao ufukweni, vingine vya kandambili na tanga la mfuko wa nailoni, hawahitaji kuelezwa hili, na ningechukua kimoja cha kwao kabla ya vingi vilivyo kwenye vioo vya maduka.

Muuzaji akikataa beseni, usigombane naye. Mwombe akupeleke kwa fundi mwenyewe. Fundi akikubali kukuchongea, kubalianeni kipimo kabla ya bei, mpe picha zako za Feri, usimharakishe, na mwambie aandike chini ya mkuku jina lake, mwaka na aina ya mbao.